Pengo Halizibwi kwa Amri

Kwenye mtaa wa mafundi cherehani, juu ya duka la vioo, pana bango lililoandikwa PENGO – MENO YA BANDIA. Mara ya kwanza kila mtu hudhani ni mzaha. Anapanda ngazi huku akicheka, na akifika juu anamkuta mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye aproni iliyojaa vumbi la plasta. Anamkaribisha, anatabasamu, na hapo mgeni anaona kwamba bango halikudanganya. Meno mawili ya mbele, ya juu, hayapo.

"Kumbe kweli kinyozi hajinyoi," wengi humtania.

"Hajinyoi asipotaka," yeye hujibu. "Haya, kaa tukutazame wewe."

Nimefanya naye kazi tangu tukiwa wasichana, meza kwa meza. Mengi ninayoyasimulia nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe, tena bila kupunguza sauti.

Wakati huo tulikuwa tumeajiriwa katika maabara ya meno ya mtu tuliyemwita Bosi tu. Watu wengi hudhani daktari wa meno ndiye anayetengeneza meno. Daktari hupima. Anatuletea trei yenye ule ute unaoganda kama mpira, uliobaki na alama ya kila jino la mgonjwa, na kazi yetu inaanzia hapo. Tunaosha mate na damu, tunakung'uta maji, tunamimina jiwe, maana ndivyo tunavyoiita ile plasta ngumu ya jasi, na likishaganda tunapata modeli: kinywa cha mtu kiko mezani, mwenyewe yuko kwake anakunywa uji. Jino linalotakiwa kuvikwa kofia, yaani ganda la jino la bandia, tunalikata kwa msumeno mwembamba ili lichomoke peke yake, likiwa limesimama juu ya pini. Hilo tunaliita kisiki. Jino jipya hujengwa juu ya kisiki, kwa hiyo kisiki kikisema uongo, hata fundi awe malaika jino halitakaa.

Mwenzangu alikuwa na mkono wa kumimina. Unga aliunyunyiza kwenye maji, hakumwaga maji kwenye unga, akauacha unywe kwanza. Akaukoroga akiubana ukutani mwa bakuli la mpira mpaka ung'ae kama maziwa mazito. Kisha aliegemeza trei kwenye mashine inayotetema, akadondosha tone moja kule nyuma kwenye gego la mwisho, akalisubiri litambae lenyewe jino hadi jino likifukuza hewa mbele yake. Sisi wenye haraka tulimimina katikati, hewa ikanaswa chini, na modeli zikatoka na vipele na mashimo kama uso wa mwenye tetekuwanga. Alikuwa akizitazama modeli zangu anasema, "Masikini, mgonjwa wako amelazwa wodi gani?"

Alikuwa mcheshi hivyo, na mdomo wake haukuwa na breki. Huo mdomo ndio uliomponza, kama walivyosema shemeji zake.

Aliolewa na mkandarasi, mtu wa heshima zake, aliyejenga maduka na vyoo vya nusu ya mji ule. Jioni moja walikuwa na wageni. Mkandarasi akawa anajigamba jinsi alivyomaliza jengo fulani kabla ya wakati, naye mwenzangu akasema, "Na lilivyopasuka kabla ya wakati je, mbona husimulii?" Wageni wakacheka. Mkandarasi naye akacheka. Wageni walipotoka, akafunga mlango na kumpiga ngumi ya mdomo.

Kulipokucha, watu walikuwa wameshaambiwa kwamba aliteleza bafuni.

Alikuja kazini mdomo umevimba, akavaa aproni, akasimama mezani pake. Nilimuuliza kama ameshakunywa chai. Akacheka kwa pua, maana mdomo ulikuwa unauma, akaniambia, "Nitainywa upande. Nipe lile bakuli."

Alihamia kwa kaka yake mkubwa. Siku zile za mwanzo alikuwa akizungumza kiganja kikiwa mdomoni, na ukimchekesha alikuwa akigeuka ukutani. Nalisema hili ili ieleweke kwamba hakuzaliwa jasiri. Kulikuwa na aibu, na aibu ile ilimkalia kama nguo iliyolowa.

Bosi alimhurumia. Uvimbe uliposhuka alimwita Daktari, yule aliyekuwa akituletea kazi nyingi kuliko wote, wakampima, na mwenzangu akaimimina modeli ya kinywa chake mwenyewe. Hakuniruhusu nimsaidie. Jiwe likapata joto, likapoa, akaibandua trei taratibu, na tukakiona: meno kumi na manne yaliyojipanga vizuri, na pale mbele shimo.

Daktari alitaka kumfungia daraja la kudumu. Sasa daraja linahitaji nguzo, na nguzo ni meno ya jirani, huku na huku. Lazima yachongwe pande zote yabaki visiki, ndipo yavikwe kofia zitakazobeba yale ya bandia katikati. Ili kumwonyesha, Daktari alichukua kisu, akaanza kuyachonga yale meno mawili kwenye modeli. Vumbi jeupe likamwagika mezani.

"Hayo yamekosa nini?" mwenzangu akauliza.

"Hayajakosa kitu. Ni mazima kabisa," Daktari akasema. "Ndiyo maana yanafaa."

"Yaani mawili yameng'olewa na mtu, halafu mawili mengine yasiyo na hatia yakatwe ili watu wasijue?"

"Dada, usiliangalie hivyo. Ni urembo tu."

"Basi sitaki urembo."

Bosi akaingilia kati. Akasema kuna lile la kuvaa na kuvua, kibao cha waridi chenye meno mawili, halikati chochote, angemtengenezea yeye mwenyewe kabla ya kufunga kazi. Mwenzangu akaishika modeli yake, akapuliza vumbi. "Hilo nitalivaa siku nitakayotaka mimi," akasema. "Leo sitaki." Kiganja hakikuwa mdomoni alipolisema neno hilo. Nililiona hilo, na nadhani na yeye aliliona.

Haukupita muda Mkandarasi akatuma watu kuomba suluhu. Kikao kikawekwa sebuleni kwa kaka yake, makochi yakasogezwa ukutani, wazee wa pande zote mbili wakajaa. Kabla hawajaanza, kaka yake alimwita jikoni.

"Mdogo wangu, funika kombe mwanaharamu apite," akamwambia. "Mumeo yuko tayari kukurudisha, na meno atayagharimia yeye, tena ya kwanza kabisa. Ziba hilo pengo, maneno yataisha."

"Mwanaharamu kashapita kitambo, Kaka," akamjibu. "Mbona kombe bado mnalifunika?"

Wakaingia sebuleni. Mzee wa upande wa mume akaeleza kwa upole kwamba ajali haina kinga, kwamba bafuni huteleza, na kwamba si vizuri ndoa ivunjike kwa sababu ya maji na sabuni. Vichwa vikatikisika. Mkandarasi alikuwa ameinamisha chake, mikono magotini, kama mwanafunzi mwema.

"Naomba niulize," mwenzangu akasema. "Bafu lipi?"

Wazee wakatazamana.

"Mmefika kwangu nyote. Mkandarasi amejengea mji huu mabafu ya vigae, yenye maji moto na maji baridi. Lakini kwake bafu liko nje, mabati matatu na pazia, na chini ni kokoto. Sabuni ikianguka pale huwezi kuipata. Nani ameshawahi kuteleza kwenye kokoto?"

Shangazi mmoja akakohoa ili asicheke. Mzee akasema hilo si jibu la mwanamke anayetaka kurudi kwake. Mwenzangu akasema, "Haswa. Umenielewa, baba." Akamgeukia mumewe. "Meno hukuyaazima useme utarudisha. Uliyavunja. Sema ulivyoyavunja, hapa, mbele ya hawa, ndipo tuongee mengine."

Mkandarasi akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni. Kikao kikavunjika, talaka ikafuata baadaye, na kaka yake akamwambia kwa huzuni kwamba amemvua nguo mbele za watu. Mwenzangu akahamisha godoro na sanduku lake, akapanga chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta.

Kuanzia pale aliacha kabisa kujiziba. Alicheka kama zamani, mdomo wazi, na mtu akimtumbulia macho alikuwa akimuuliza, "Umeliona? Ni pengo. Nilipigwa na mume." Hivyohivyo, kama anayetaja saa. Watoto wa jirani yake wakamwita Pengo, mama zao wakawafinya, naye akawaambia mama zao wawaache. "Jina zuri," alisema. "Fupi, na halina uongo ndani."

Lakini maabara ya meno ni biashara, na Bosi alikuwa mfanyabiashara. Wateja walianza kunong'ona pale mapokezi. Siku moja alimwita, nami nilikuwa nasugua modeli pale pale kwenye mashine.

"Mwanangu, elewa hali yangu," Bosi akasema. "Mtu anakuja kununua meno, anapokewa na pengo. Ni kama muuza nguo anayetembea uchi. Vaa kibao saa za kazi tu. Ukitoka, kivue, uende unavyotaka."

"Na nisipovaa?"

"Basi itabidi ukae chumba cha plasta."

Chumba cha plasta kilikuwa nyuma kabisa, hakina dirisha, na ndiko walikokaa wanaoanza kazi na walioshindwa kazi. Vumbi lake linaingia hadi kwenye chumvi ya chakula chako. Mtu aliyekwisha kufika kwenye kuchonga nta na kujenga kofia kurudishwa kule ni kama mwalimu kurudishwa darasa la kwanza. Mwenzangu alifungua droo yake, akatoa visu vyake, akavifunga kwenye kitambaa na kwenda zake nyuma. Akapitisha kule msimu mzima wa mvua na ule uliofuata. Nilikuwa nikimpelekea chai, namkuta amechora ukingo wa kisiki kwa penseli nyekundu, anakitazama kwenye mwanga wa taa, anaimba.

"Unaimba nini humu kaburini?" nikamuuliza.

"Naimba kwa sababu humu siulizwi lini nitaziba."

Alipoondoka hakuaga kwa hotuba. Alikuwa ameshapata kile chumba juu ya duka la vioo, amenunua mashine ya kutetemesha iliyotumika na mashine ya kusaga modeli iliyokuwa ikivuja maji. Alipandisha lile bango lake mwenyewe, akiwa juu ya ngazi, nami nimeishika chini. Nilimwambia, "Dada yangu, jina hilo litakufukuzia wateja." Akaongea misumari ikiwa mdomoni, imebanwa pale pale penye nafasi. "Watakaofukuzwa na jina," akasema, "sikuwa na haja nao."

Wengine walifukuzwa kweli. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, alikula mkate mkavu na akasema ni mlaini. Lakini modeli zake zilikuwa zimeshajulikana, na Daktari, ambaye kwake jino lililokaa vizuri lilikuwa muhimu kuliko umbea, akaanza kumletea kazi moja moja, kisha nyingi. Nami nilipochoka na Bosi nilimfuata.

Kitu ambacho hatukukitarajia ni wanawake. Walikuja kwa sababu ya bango. Walipanda zile ngazi taratibu, wengine wakiwa na kitambaa mdomoni, wakakaa kwenye benchi bila kusema haja yao, na alipotabasamu mabega yao yakashuka. Hakuwaambia waache mapengo. Kila aliyetaka meno alipelekwa kwa Daktari akapimwe, na meno akapata, mazuri. "Kuziba si dhambi," aliniambia. "Dhambi ni kuzibishwa."

Basi ikawa siku moja Daktari akatuma kipimo cha mtu aliyevunja jino kwa kutafuna mfupa. Ilikuwa kazi ya kawaida: kofia moja, upande wa kushoto, juu. Kwenye karatasi hapakuwa na jina, namba tu. Ijulikane kwamba kipimo ni kinyume cha kinywa. Palipo na jino pana shimo, na penye shimo pana mwinuko. Hata mama mzazi hamtambui mwanawe ndani ya trei. Pengo akamimina ya juu, akamimina ya chini, tukala chakula cha mchana. Jiwe lilipopoa akabandua trei ya chini, akatulia.

"Njoo," akaniita.

Jino moja la chini, mbele, lilikuwa limegeuka upande kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Chonge la jirani yake lilikuwa limemeguka ncha. Mimi halikuniambia kitu.

"Hilo chonge alilimega kwa kufungulia chupa za soda," akasema. "Kwenye harusi yetu."

Moyo wangu uliruka, na sitaficha kwamba uliruka kwa furaha. Nilimwambia, "Mungu si Athumani! Mwachie chembe tu ya nafasi pale ukingoni, kofia inapokutana na jino. Jino litapendeza, litakaa miezi, chini linaoza polepole. Nani atajua?"

Alinitazama kama mtu aliyeona mende kwenye sukari. "Mimi nimfanyie mtu ubaya kwa kificho? Wakati miaka yote hii nimesimama barabarani nalia hadharani? Acha hizo."

Akafanya kazi. Alikata kisiki kwa msumeno, akachimba chini ya ukingo kwa mkono mwepesi mpaka mstari ukajitokeza wote, akauchora kwa penseli nyekundu, akaupaka dawa ya kuukaza. Nimeona visiki vingi maishani mwangu, na kile kilikuwa safi kuliko vingi. Kisha akavifunga vyote kwenye kitambaa laini na kumpigia Daktari simu, sauti ikiwa wazi.

"Daktari, modeli ziko tayari, kisiki kiko tayari, ukingo unaonekana. Mtume mtu achukue. Kofia yenyewe mimi siitengenezi."

Nikasikia sauti ya Daktari ikiuliza kwa nini.

"Kwa sababu mwenye kinywa hiki ndiye aliyenitoa meno. Atafute fundi mwingine."

Daktari akasema alisikia ilikuwa bafuni.

"Ulisikia," Pengo akasema. "Hukuuliza." Akakata simu.

Sijui Daktari alimweleza nini mgonjwa wake. Ninachojua ni kwamba alasiri moja ngazi zetu zililia kwa viatu vizito, akaingia Mkandarasi, amenenepa, mvi zimemshuka masikioni, na nyuma yake kaka mkubwa wa Pengo, aliyeonekana kama mtu aliyeburutwa. Kwenye benchi walikaa wateja wawili: bibi mmoja aliyekuja kurekebishiwa meno yake ya chini, na mama mwenye kapu la mboga.

"Unanikatalia kazi?" Mkandarasi akaanza, bila hata hodi. "Unanichafulia jina kwa madaktari? Watu wazima hatufanyi hivyo. Yale yalishapita."

"Karibu," Pengo akasema. "Shikamoo, Kaka."

"Marahaba," kaka yake akajibu, macho sakafuni.

"Mkandarasi, nitakutengenezea hilo jino leo hii, kwa mikono yangu, na litakuwa jino bora kinywani mwako. Kaa kwenye kile kiti. Uwaambie hawa wawili jinsi nilivyopata hili jina lililoandikwa nje. Hilo tu."

Mkandarasi akamtazama yule bibi, akamtazama yule mama. Nilidhani kwa kitambo kidogo kwamba atalisema.

"Uliteleza bafuni," akasema.

Yule bibi alikuwa ameshika meno yake mkononi, yamefungwa kwenye leso. Akayatazama, akainua kichwa. "Mimi pia niliteleza bafuni, baba," akasema kwa ule mdomo wake mtupu. "Mara tatu. Marehemu alikuwa na bafu baya sana."

Mama mwenye kapu akapasuka kicheko. Halikuwa jambo la kuchekesha, lakini alicheka mpaka machozi, na bibi naye akacheka, ufizi wote nje, na Pengo akacheka, nami nikajikuta nimeshika meza. Mkandarasi alisimama katikati ya vicheko hivyo akiwa amefumba mdomo, maana hakutaka lionekane lile jino lake lililovunjika. Akamgeukia shemeji yake wa zamani amsaidie.

Kaka mkubwa alikuwa haangalii sakafu tena. "Mimi nilikuja kwa sababu uliniomba," akamwambia. "Sasa nakuomba wewe. Ondoka."

Akaondoka. Kaka yake alibaki kidogo, amesimama karibu na rafu za modeli, akizigusa moja moja kwa ncha ya kidole kama mtu dukani. Hakuomba radhi, si mtu wa maneno hayo. Aliuliza kama ile mashine ya kusaga modeli inavuja siku zote au leo tu. Pengo akasema siku zote. Akavua koti, akapiga magoti, akaishughulikia mpaka jioni, na maji yakakatika.

Mkandarasi alitengenezewa jino lake kwingine, juu ya kisiki kilekile alichokikata Pengo. Nasikia linamkaa vizuri. Litaachaje? Daktari alipunguza kuleta kazi kwa muda, kisha akarudi, na siku aliyorudi alikaa kwenye benchi akamuuliza Pengo, kwa mara ya kwanza, ilikuwaje. Akaelezwa, tangu wageni mpaka mlango. Alisikiliza, kofia ya pikipiki mapajani.

Mwaka jana jino moja la pembeni lilimsumbua Pengo, likaoza lenyewe kwa ajili ya kupenda sukari, likang'olewa. Wiki ileile alijimiminia modeli, akajitengenezea jingine, akalivaa. Nilishangaa. Nilimuuliza mbona hili ameliziba upesi hivi, na yale ya mbele ameyaacha miaka yote.

Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha mkononi, anageuza shavu huku na huku. "Hili limezeeka, likaniaga," akasema. "Lina haki ya kupata mrithi." Akaniwekea kipimo kipya mezani. "Mimina hicho, na uanzie nyuma. Usiniletee tetekuwanga."